Seyyida Salme, Binti Aliyejifunza Kuandika kwa Siri

Sisi tukaao hapa Elerai, chini ya Mlima Meru, tuko mbali na bahari. Wako wanafunzi wengi miongoni mwetu ambao hawajapata kuiona bahari ila katika picha na ramani. Lakini mtu hujifunza mengi kwa maisha ya watu wa mahali pengine, na kwa hiyo katika kurasa hizi tunataka kuwaeleza wasomaji maisha ya Seyyida Salme, binti wa Sultani wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1844 na kufa mwaka 1924. Jina lake si geni kwa watu waliosoma historia ya pwani. Wengi humkumbuka kwa kuwa alitoroka kwao akaolewa Ulaya. Sisi tunataka kumkumbuka kwa jambo jingine. Alijifunza kuandika wakati ambapo binti hakufundishwa kuandika, na kwa kalamu hiyo akahifadhi habari za nyumba na mitaa aliyokulia, habari ambazo bila yeye zingalikuwa zimepotea leo.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Bet il Mtoni, lililokuwa ufuoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, yule aliyeyahamishia makao yake Unguja na kukifanya kisiwa hicho kuwa nchi ya karafuu. Mama yake aliitwa Jilfidan. Huyu hakuwa Mwarabu wala Mswahili, bali alitoka Circassia, nchi iliyo karibu na milima ya Caucasus na Bahari Nyeusi. Alikuwa mtoto wa mkulima. Vita vilipoingia kwao wazazi wake waliuawa, yeye na ndugu zake wakatenganishwa, wasionane tena. Akauzwa, na mwisho akafika katika nyumba ya Seyyid Said akiwa mtoto wa miaka saba au minane tu, maana jino lake la kwanza liling'oka humo. Alipokua akawa suria wa Sultani.

Katika kumbukumbu zake Salme hamsifu mama yake kwa uzuri wa uso. Amsifu kwa urefu wake, kwa nguvu zake, kwa nywele zake nyeusi zilizofika magotini, na zaidi ya yote kwa moyo wake. Mtu alipougua katika jumba lile, Jilfidan hakungoja kuitwa. Alichukua vitabu vyake akaenda kuketi kando ya mgonjwa na kumsomea. Msomaji na alishike jambo hili, maana tutalirudia: mwanamke aliyenunuliwa kama bidhaa ndiye aliyekuwa faraja ya nyumba.

Jumba la Mtoni lilikuwa kama mji mdogo. Salme alikisia kwamba waliokaa humo walikuwa kama watu elfu moja, pamoja na watumishi na watumwa. Katikati palikuwa na ua mkubwa, na katika ua huo walitembea swala, tausi, heroe, kanga, bata na mbuni. Watoto waliyatafuta mayai ya ndege hao na kumpelekea mpishi mkuu, naye akawapa zawadi. Mwisho wa ua zilikuwako nyumba za kuogea, na kando yake michungwa ambayo matawi yake yaliwaficha watoto walioogopa adhabu. Upande wa bahari palikuwa na roshani ya mviringo iliyojengwa kwa mbao. Hapo ndipo Seyyid Said alipotembea peke yake, akienda na kurudi, ameinamisha kichwa kwa mawazo, huku akichechemea kidogo kwa sababu ya jeraha la zamani la pajani. Mtoto yule alimtazama baba yake kwa mbali, akatambua kwamba hata mtawala ana mambo yanayomlemea.

Lugha zilizosikika katika nyumba ile zilikuwa nyingi. Desturi ilikuwa kusema Kiarabu mbele ya Sultani. Lakini mgongo wake ulipogeuka, yalisikika maneno ya Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi, Kinubi na Kicircassia. Watoto wa baba mmoja walikuwa wa rangi mbalimbali na wa mama mbalimbali. Seyyid Said alipofariki aliacha watoto 36 walio hai.

Mwaka 1851, Salme alipokuwa na umri wa miaka saba, yeye na mama yake waliondoka Mtoni wakahamia mjini, katika nyumba iliyoitwa Bet il Watoro. Ilikuwa nyumba ya ndugu yake, Majid, ambaye alikuwa amefikia umri wa kuwa na nyumba yake mwenyewe. Hapo ndipo Salme alipoanza kuishi katikati ya mji. Mwanzo alilia. Nyumba ilikuwa nyembamba, ngazi zilikuwa za giza, ua haukutosha kwa kukimbia, na mto wa Mtoni aliozoea kuuchezea haukuwako. Lakini mtoto huzoea. Majid alimpenda sana dada yake mdogo, akamfundisha kupanda farasi na kulenga shabaha kwa bunduki na bastola. Mama yake hakupendezwa hata kidogo, kwa maana aliona binti yake anafunzwa mambo ya wanaume huku akichukia sindano na uzi.

Baada ya Majid kuoa, Salme na mama yake walihama tena wakaenda Bet il Tani, karibu na dada yake Khole, ambaye Salme alimpenda kuliko ndugu zake wote. Jumba hilo lilikuwa jirani na Bet il Sahil, jumba la Sultani la mjini, nalo lilitazama bahari. Kwa maelezo yake twaweza kuuona ua wa Bet il Sahil kama ulivyokuwa zaidi ya miaka 170 iliyopita. Asubuhi wanyama walichinjwa huku. Kule wapishi waligombana na wasaidizi wao. Wachukuzi waliingia na matunda, na wavuvi walileta samaki wengine wakubwa hata ikapasa mmoja abebwe na watu wawili wenye nguvu. Watoto walisimama kwenye roshani za juu wakitazama yote kama watu wanaotazama mchezo.

Sasa tuseme habari za chuo. Watoto wa Sultani walianza kusoma walipofika miaka sita au saba. Chuo chenyewe kilikuwa ukumbi ulio wazi. Vifaa vyake vilikuwa mkeka mmoja, Kurani juu ya marufaa, kidau cha wino na fimbo ya mwanzi. Mwalimu alikuwa mwanamke aliyeletwa kutoka Omani, na fimbo ile haikuwa pambo. Wavulana walifundishwa kusoma na kuandika. Wasichana walifundishwa kusoma tu. Watu wa zamani waliona kwamba binti akijua kuandika ataweza kupeleka barua asikotakiwa, na kwa hiyo ni salama zaidi asijue.

Salme hakuridhika na sheria hiyo. Hakuwa na mwalimu wa kumfundisha, wala hakuwa na ubao. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ni mpana na laini, akautumia kama ubao. Aliifungua Kurani, akazitazama herufi, akaziiga moja moja kwenye mfupa ule, kwa siri. Alipofuta aliandika tena. Aliendelea hivyo mpaka mkono ukazoea. Kisha akahitaji mtu wa kumsahihisha, akampata mtumwa mmoja aliyekuwa na elimu, akamfanya mwalimu wake. Habari hizo zilipojulikana alisemwa vibaya na wengi, lakini hakujali.

Wanafunzi wenzetu, hebu tufikiri. Sisi tuna madaftari, tuna kalamu, na Serikali imetujengea shule. Mara ngapi twaandika kwa uvivu, kana kwamba kuandika ni mzigo? Yule binti hakukosa chakula wala nguo wala dhahabu, lakini alitamani kitu kimoja alichonyimwa, akakitafuta juu ya mfupa.

Tarehe 19 Oktoba 1856 Seyyid Said alifariki baharini, katika merikebu yake iitwayo Victoria, karibu na visiwa vya Shelisheli, alipokuwa akirudi kutoka Omani. Mwana mmoja, Thuwaini, akatawala Muskati. Majid akatawala Unguja. Salme alihesabiwa kuwa mtu mzima ingawa alikuwa na miaka kumi na miwili tu, akapewa urithi wake: shamba lenye nyumba pamoja na fedha zipatazo paundi 5,429. Mwaka 1859 ugonjwa wa kipindupindu uliingia Unguja ukaua watu wengi, na mmoja wao alikuwa Jilfidan. Salme akabaki yatima wa pande zote mbili akiwa na umri wa miaka kumi na mitano.

Mwaka huo huo kalamu yake ikamwingiza matatani. Ndugu yake mwingine, Barghash, alitaka kumpindua Majid na kutawala yeye. Dada yao Khole alikuwa upande wa Barghash, na Salme, kwa kumpenda Khole, akaufuata upande huo. Wenye njama walihitaji mtu wa kuandika barua za siri, na miongoni mwa mabinti waliohusika ni Salme aliyekuwa hodari wa kuandika. Basi akawa karani wa maasi juu ya ndugu yake aliyemfundisha kupanda farasi. Aliandika barua za kuagiza silaha na za kuwaita wakuu, akijua moyoni kwamba anamkosea mtu asiyemtendea ubaya wowote.

Njama ilishindwa. Nyumba ya Barghash ilizingirwa na askari. Usiku mmoja Salme na Khole waliwapita askari hao wakaingia ndani, wakamtoa Barghash akiwa amejifunika nguo za kike, akaenda kupigana shamba. Huko nako wafuasi wake walishindwa, na watu wengi wakafa. Alirudi mjini kwa siri, lakini wanamaji wa Kiingereza wakaifyatulia risasi nyumba yake mpaka akasalimu amri, akapelekwa Bombay kwa muda wa miaka miwili. Majid hakuwaadhibu dada zake. Lakini msamaha wake haukuwarudisha wafu, na Salme alijuta kwa barua alizoziandika. Twajifunza hapa kwamba elimu peke yake haimwongozi mtu. Kalamu huandika lolote. Ni lazima mwenye kuishika ajue anaandika nini, na kwa ajili ya nani.

Baada ya hayo Salme alikaa shamba, Kisimbani na baadaye Bububu. Kisha akarudi mjini, akapatana na Majid. Kupatana huko kuliwachukiza Barghash na Khole, wakamtenga. Basi alikuwa mpweke katika mji uliojaa ndugu zake. Nyumba yake ilipakana na nyumba ya mfanyabiashara kijana wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, kutoka Hamburg. Mapaa ya nyumba za Unguja yalikuwa karibu karibu, na paa la jirani huyo lilikuwa chini ya dirisha la Salme. Kutoka dirishani aliona Wazungu wakila na kuongea, na hivyo ndivyo walivyojuana. Wakapendana, naye akawa mja mzito.

Katika desturi za wakati ule, jambo hilo lilikuwa hatari kubwa kwa maisha yake. Mwezi Agosti 1866 alitoroka usiku akapanda manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer. Husimuliwa kwamba ilikuwa wakati wa Siku ya Mwaka, ambapo wanawake hushuka pwani usiku kuoga bahari, na kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kumwona karibu na maji. Alifikishwa Aden. Huko alimzaa mtoto wa kiume mwezi Desemba. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa, akaitwa Emily, na siku hiyo hiyo akaolewa na Ruete. Wakasafiri kwenda Ujerumani, lakini yule mtoto mchanga alikufa njiani, katika nchi ya Ufaransa.

Wasomaji na wamfikirie binti huyo wa miaka 22 akiingia Hamburg. Hakujua lugha ya watu. Baridi ilimtesa. Milango ilifungwa mchana kutwa, na watu walimkodolea macho njiani. Alipata watoto wengine watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja, kati ya mwaka 1868 na 1870. Majina yao yaonyesha mawazo yake yalikuwa wapi: Antonie Thawke, Rudolph Said na Rosalie Ghuza. Kila mtoto alipewa jina la Kijerumani pamoja na jina la kwao. Mwezi Agosti 1870 mume wake alipatwa na ajali ya tramu, gari la relini lililovutwa na farasi, akafa. Mtoto wa mwisho alikuwa hajatimiza miezi minne.

Tangu hapo maisha yake yalikuwa ya shida. Mali ya mumewe ilimponyoka, na urithi wake wa Unguja alinyimwa, kwa kuwa alikuwa ameiacha dini ya wazee wake. Majid alifariki mwaka 1870, na aliyetawala baada yake alikuwa Barghash, yule ambaye Salme alimwandikia barua za siri zamani. Barghash hakumsamehe. Binti Sultani, ambaye utotoni hakufungua mlango kwa mkono wake mwenyewe, alihama mji hata mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akifundisha Kiarabu ili awalishe watoto wake. Mwaka 1875 Barghash alipokwenda London, Salme naye alikwenda kutafuta upatanisho. Wakubwa wa Kiingereza walimzuia asimwone ndugu yake, wakimwahidi kuwasaidia watoto wake; baadaye ahadi hiyo haikutimizwa.

Ndipo ile kalamu ya siri ilipofanya kazi yake kubwa. Mnamo mwaka 1877 Salme alikuwa amechoka mwili na roho, hata akadhani hataishi kuwaona watoto wake wakikua. Watoto hao walikuwa hawajui chochote juu ya asili ya mama yao. Hawakuijua Mtoni, hawakumjua Jilfidan, hawakuwahi kusikia kelele za ua wa Bet il Sahil. Aliona kwamba akifa, mji wote wa utoto wake utazikwa pamoja naye. Basi akaanza kuwaandikia. Hakukusudia kuuza kitabu. Alikusudia watoto wamjue mama yao. Baadaye marafiki walimshauri akichapishe, na mwaka 1886 kikatolewa Ujerumani, kwa lugha ambayo alikuwa amejifunza ukubwani. Hatujui kitabu kingine cha kabla yake ambamo mwanamke wa Kiarabu alieleza maisha yake mwenyewe na kukichapisha.

Humo ameandika jinsi watoto walivyolelewa, walivyovishwa, walivyoogopa fimbo ya chuoni. Ameandika mfungo wa Ramadhani na shamrashamra za Idi, dawa za wagonjwa, safari za mashamba, harusi na misiba. Wanahistoria wana barua nyingi za mabalozi zinazoeleza mikataba na merikebu za Unguja ya wakati ule. Lakini mambo ya ndani ya nyumba, jinsi watu walivyoketi kula na jinsi mtoto alivyolia kwa kuhama, hayo tunayo hasa kwa sababu yake.

Hata hivyo si vema kumsifu mtu bila kusema kweli yote. Katika kitabu hicho Salme aliutetea utumwa. Alisema kwamba watumwa wa Unguja hawakutendewa vibaya kama Wazungu walivyodhani, na aliwalaumu Waingereza kwa kuuondoa kwa haraka. Hapa hatuwezi kukubaliana naye. Mashamba ya karafuu yaliyomlisha yalilimwa na watu walionyakuliwa bara, na wengi wao walitoka katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Walitembea kwa miguu, wamefungwa, mpaka pwani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, kwa mkataba ambao Barghash alilazimika kuutia sahihi. La kushangaza zaidi ni kwamba Salme mwenyewe ndiye aliyeandika jinsi mama yake alivyonyang'anywa wazazi na ndugu, na mwalimu aliyemsahihisha herufi alikuwa mtumwa. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yake, wala hakuuona. Mtu akumbukapo nyumba aliyopendwa ndani yake, ni vigumu kwake kukumbuka ni nani aliyebeba maji. Basi tukisoma kumbukumbu za mtu yeyote, tuulize pia habari za wale ambao hawakupewa kalamu.

Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja, baada ya miaka 19. Hapa msomaji wa Arusha na aangalie vizuri. Hakurudi kwa nauli yake. Alichukuliwa pamoja na watoto wake katika meli ya Adler, iliyofuatana na manowari za Kijerumani. Serikali ya Ujerumani, chini ya Bismarck, ilikuwa ikimshurutisha Barghash akubali madai yake ya nchi za bara, na ilimwona Salme kuwa chombo cha kumtishia. Manowari zilielekeza mizinga mjini mwezi Agosti, na Barghash akakubali. Ujerumani ilipopata ilichotaka, madai ya mama yule yakawa hayana haraka tena. Madai hayo ya bara ndiyo yaliyofungua njia ya utawala wa Wajerumani, ambao baadaye ulifika mpaka chini ya Mlima Meru na kujenga Boma la Arusha mwaka 1900. Kwa hiyo mambo ya Salme hayako mbali nasi kama tulivyodhani.

Barghash alikataa kumwona. Lakini watu wa mji hawakumkataa. Alipopita katika njia nyembamba alizozijua, wengi walimfuata na kumsalimu kwa Kiarabu na Kiswahili, ingawa Sultani hakupenda. Alikwenda kuitazama Mtoni, akakuta jumba alilozaliwa limekuwa gofu. Mwaka 1888, Barghash alipokwisha kufa, Salme alikwenda tena, akakataliwa tena. Hakurudi Ujerumani kukaa. Aliishi Jaffa na kisha Beirut, mahali ambapo alisikia Kiarabu kikisemwa na kuiona bahari, hadi mwaka 1914. Alifariki tarehe 29 Februari 1924 katika mji wa Jena, Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 79. Alizikwa Hamburg pamoja na mumewe, na husemekana kwamba kaburini mwake ulitiwa mchanga wa pwani ya Unguja, aliokuwa ameuhifadhi siku zote.

Na zile nyumba zake? Mtoni imebaki magofu. Majumba ya Sultani ya ufuoni yalipigwa mizinga na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na mahali pa Bet il Sahil pakajengwa jumba jingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964 liliitwa Jumba la Wananchi, na mwaka 1994 likafanywa makumbusho, na humo kikawekwa chumba cha kumkumbuka Salme. Beit el Ajaib, jumba la fahari alilolijenga Barghash mwaka 1883, sehemu yake kubwa ilianguka Desemba 2020. Mawe na chokaa vya wafalme vimeanguka, lakini michungwa ya Mtoni ingali imesimama katika maandishi ya binti yule.

Wanafunzi wenzetu, nasi tuna mitaa yetu. Hata majina yake yana habari. Olerai, kwa Kimasai, ni mgunga wenye gome la manjano, na ndiko lilikotoka jina la Elerai. Ngarenaro ni maji meusi. Unga Limited ilipata jina kwa kinu cha unga. Lakini jina peke yake halisimulii habari zote. Wako babu na bibi zetu waliokua Kaloleni, Sanawari na Ngarenaro; wanajua mto ulipita wapi, soko lilikuwaje, nani aliuza maziwa asubuhi na nani aliyakamua. Hawatakaa nasi milele. Likizo hii kila mmoja wetu na achukue daftari moja, aketi karibu na mzee wake, amwulize kwa adabu, aandike. Nanyi wazazi, tafadhali msiseme kwamba mambo hayo hayana maana. Mama mmoja katika nchi ya baridi aliogopa kufa kabla hajawaeleza watoto wake alikotoka. Sisi tuna wazee wetu hapa hapa, na kalamu tunazo.